Kilima Kikiondoka, Jina Libaki: Safari ya Mahali pa Historia na pa Hadithi, toka Kolwezi mpaka Bunkeya

1. Kwa nini tulitembea

Mgeni akifika Kolwezi na kuuliza: «Hapa kwenu kuna nini cha kuona?», wengi wetu tunakosa jibu. Tunamwonyesha karieri kwa mbali, tunampeleka kula samaki pembeni ya ziwa Nzilo, basi. Yeye amesikia juu ya Kilwa na misikiti yake ya mawe, amesikia juu ya kuta za Zimbabwe, na anafikiri kwamba mahali pasipo na jengo la zamani hapana historia. Na sisi wenyeji, kusema kweli, tunaanza kufikiri vile vile.

Kwa mwalimu wa historia ugumu huo unaonekana kila mwaka. Wanafunzi wanataja mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 bila kusita. Lakini ukiwauliza kilima cha Musonoi kilikuwa namna gani, wanacheka: «Kilima? Musonoi iko shimo, Mwalimu!» Wana haki. Wamezaliwa, wamekuta shimo.

Ndiyo sababu wakati wa vakansi kubwa tulipanga safari ya siku tatu. Tulikuwa watu tisa ndani ya minibasi moja: mzee mmoja aliyefanya kazi ya mgodi Kamoto mpaka mwaka 2003, mama mmoja mwalimu, Musanga wa asili, katekista mmoja Mulunda, kijana mmoja wa kartie Kasulo, wanafunzi watatu wa mwaka wa sita, dereva na mimi. Hatukwenda kama watalii wenye pesa. Kila mtu alileta chakula chake, na kila mtu aliombwa kuleta habari moja aliyopokea kwa wazee wake.

Katika kurasa hizi sitasimulia kila kituo. Nataka kuonyesha jambo moja. Wazee wa sehemu hii hawakujenga juu, walichimba chini. Historia yetu iko ndani ya udongo ule ule tunaouza. Kwa hiyo kazi inayotupa mkate ndiyo inayokula pia kurasa za kitabu chetu. Kilima kilichokwenda hakirudi. Lakini jina lake na habari yake vinaweza kubaki, kama vinaandikwa mapema.

2. Vilima visivyo na miti mikubwa

Tulianza upande wa Mutoshi, mahali palipoitwa Ruwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 watu wa Tanganyika Concessions, kompani ya Robert Williams iliyoundwa mwaka 1899, walichimba hapo dhahabu, kabla Union Minière du Haut-Katanga haijazaliwa mwaka 1906. Katika vitabu vya zamani watu hao wanaitwa «wagunduzi». Neno hilo linahitaji kusahihishwa. Katika inchi yetu watafiti wa kizungu walifuata mara nyingi mashimo yaliyokuwa yamechimbwa tayari na wenyeji, na waliongozwa na wenyeji kufika huko.

Mama Mwalimu ndiye aliyetufundisha kusoma kilima. «Muangalie,» alisema, «kilima cha shaba akina miti mikubwa. Kwa pembeni pori inakamata, lakini pa shaba panabakia nyasi na maua tu.» Ni kweli. Udongo wenye shaba nyingi unaua miti ya miombo, lakini kuna majani madogo yaliyozoea sumu hiyo. Moja linajulikana na wataalamu kwa jina la Haumaniastrum katangense, na wengine wanaliita tu ua la shaba. Upande wa Fungurume kuna mimea ambayo haioti mahali pengine po pote duniani. Wazee hawakuwa na mashine. Walikuwa na macho.

Kisha alitueleza kazi yenyewe. Ilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, maji yakipungua katika mashimo. Wanaume walichimba, wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani, yaani malakiti, wakayachagua na kuyaosha mtoni. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, maana udongo huo unavumilia moto. Walitia makaa, wakatia mawe, wakavuta mivukuto ya ngozi ya swala, shaba ikayeyuka na kushuka chini. Waliimimina katika umbo la msalaba wenye mikono minne iliyo karibu sawa, ule tunaouita kwa Kifaransa croisette. Fundi mkubwa hakuwa fundi wa moto peke yake. Alijua dawa na maombi kwa wakubwa waliokufa, na kazi hiyo ilikuwa na miiko na siri zake. Si kila mtu aliingia.

Kwa Kisanga shaba inaitwa mukuba, na watu wa kazi hiyo walisema kwamba wanakula mukuba. Maana yake si kutafuna chuma. Ni sawa na mtu wa leo anayesema anakula mshahara wake. Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari Mbenedikto aliyekuwa baadaye askofu wa Katanga, alitoa mwaka 1926 andiko lenye jina la wala shaba wa Katanga. Toka hapo neno hilo la wazee wetu linasomwa hata Bulaya.

Misalaba hiyo ni ya zamani sana. Katika makaburi ya Sanga, kwenye ziwa Kisale upande wa Upemba, ambako Jean Hiernaux na Jacques Nenquin walichimbua miaka ya 1957 na 1958, na Pierre de Maret baada yao katika miaka ya 1970, ilipatikana misalaba ya shaba pamoja na maiti. Katika makaburi ya miaka mia sita na zaidi iliyopita misalaba inaonekana mikubwa kiasi. Baadaye inakuwa midogo, mingi, tena karibu sawa kwa ukubwa, kama vile makuta. Kule hakuna mgodi wa shaba. Basi shaba ilisafiri kwa mabega ya watu toka ukanda wetu huu mpaka ziwani. Tulikuwa na biashara kubwa kabla mzungu hajaonyesha ramani yake.

Kwa hiyo mtu akiona misalaba mitatu ya shaba kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960, ama msalaba mmoja kwenye sarafu ya Katanga ya mwaka 1961, asifikiri kwamba ni wanasiasa walioubuni. Waliuazima kwa wafundi ambao majina yao hatuyajui.

3. Musonoi: nani alipewa jina?

Toka Mutoshi tulielekea Musonoi. Hatukufika pembeni ya shimo. Kwenye barrière ya kompani moja mlinzi alitusimamisha kwa adabu, akasema bila karatasi hakuna kupita. Tulisimama barabarani, kamioni kubwa zikitupita na vumbi, na hapo mzee wetu wa Kamoto alichukua nafasi ya mwalimu.

«Hapa kulikuwa kilima,» alisema. «Bababa yetu balikifika na piki. Leo mutu anachungulia chini, anaona kamioni kama kichezeo ya mutoto. Ile kilima ilienda wapi? Ilipanda treni.»

Alisema kweli kuliko alivyofikiri. Reli iliyotoka Tenke kuelekea Dilolo ilikamilika mwaka 1931 na kuungana na reli ya Benguela mpaka bahari ya Atlantiki. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937, reli ikiwa tayari. Kwetu njia ya kutolea mali ilitangulia, mji ukafuata. Kiwanda cha Luilu kilifunguliwa mwaka 1960, mwaka wa uhuru. Mwaka 1967 Union Minière ilitaifishwa, na kompani ya taifa ikajulikana baadaye kwa jina la Gécamines. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka. Uzalishaji ambao katikati ya miaka ya 1980 ulipita tani 450,000 za shaba kwa mwaka ulishuka chini ya tani 50,000 mnamo 1994. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi karibu elfu kumi waliondoka kwa mpango ulioitwa «départs volontaires». Mzee wetu alikuwa mmoja wao. Akitamka maneno hayo mawili ya Kifaransa, anatabasamu kidogo tu.

Hapo niliwaambia wanafunzi jambo ambalo wachache wanalijua. Toka Musonoi wataalamu walitoa mawe ambayo dunia haikuyajua kabla. Moja linaitwa guilleminite, kwa heshima ya Claude Guillemin, Mfaransa. Lingine demesmaekerite, kwa heshima ya Gaston Demesmaeker, mkubwa wa jiolojia wa Union Minière. Lingine oosterboschite, kwa heshima ya Robert Oosterbosch. Majina hayo yameandikwa katika vitabu vya madini duniani kote. Mji wetu pia umepata lake: kolwezite, jiwe lenye shaba na kobalti. Lakini mchimbaji aliyeinama na kuliokota jiwe la kwanza hana jiwe lenye jina lake.

Mwanafunzi mmoja aliuliza: «Mwalimu, sasa tuandike jina la nani, kama halijulikani?» Kijana wa Kasulo ndiye aliyejibu: «Tuandike jina la mahali. Mahali pako na watu ndani.»

Yeye anajua anachosema. Mwaka 2014 mtu mmoja alichimba katika kiwanja chake Kasulo, akakuta kobalti. Habari ikaenea, na baada ya muda mfupi watu walikuwa wakichimba ndani ya nyumba, chini ya kitanda, nyuma ya jiko. Mwaka 2017 sehemu ya wakaaji walihamishwa, nyumba zikabomolewa, ukuta ukajengwa kuzunguka mahali pa kuchimba. Kijana anakumbuka barabara zilizopotea, mti ambao chini yake watoto walichezea mpira, na kisima cha mama fulani aliyeuza maji. Mtu atasema: hayo ni mambo ya juzi, siyo historia. Lakini hata wafundi wa mukuba walikuwa watu wa juzi, siku moja.

4. Mji wa vita

Jioni tulipita katikati ya mji. Kolwezi inatajwa katika historia ya dunia kwa mambo ya vita kuliko kwa mambo ya watu wake. Tulisimama na kuyapanga kwa tarehe, maana vijana wanayachanganya.

Kwanza ni mwaka 1963. Utengano wa Katanga, uliotangazwa na Moïse Tshombe tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka 1960, ulipata mwisho wake hapa Kolwezi, ngome ya mwisho. Mabwawa ya umeme ya Lualaba yalikuwa yametegewa baruti, na dunia iliogopa yangepasuliwa. Hayakupasuliwa. Tarehe 21 mwezi wa kwanza 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia mjini bila vita.

Pili ni mwaka 1977. Waliokuwa askari wa Katanga, waliokimbilia Angola, waliingia kwa upande wa magharibi na kukamata Mutshatsha. Walirudishwa nyuma kwa msaada wa askari wa Moroko. Tatu ni mwaka 1978. Tarehe 13 mwezi wa 5 walikamata Kolwezi yenyewe. Tarehe 19 paratrupi wa Légion ya Ufaransa waliruka toka angani, na kesho yake Wabelgiji wakafika. Wazungu zaidi ya mia moja walikufa, na weusi kwa mamia.

Mwaka 1980 ikatoka filamu ya Raoul Coutard juu ya kuruka kwa Légion. Ilipigwa Guyana ya Ufaransa, ng'ambo ya bahari. Watu wengi wa Bulaya wanaoifahamu «Kolwezi» wameona miti ya Guyana. Wanajeshi watano wa Légion waliokufa wanakumbukwa na jeshi lao. Wetu wanakumbukwa ndani ya nyumba, kila jamaa na wake. Mama Mwalimu alikuwa mtoto siku zile. Alituonyesha kwa kidole upande ambako familia yake ilijificha, hakuongeza neno, na sisi hatukuuliza. Habari nyingine zinahitaji mtu mwenyewe achague siku ya kuzisema. Lakini siku hiyo ikifika, mtu wa kuandika awe tayari.

5. Lualaba: mto uliokataa, na chumvi iliyoua

Siku ya pili tulikwenda kaskazini, kwenye Nzilo. Hapo Lualaba, ukiwa bado kijana, unapita katika bonde jembamba lenye mawe na maporomoko. Mwaka 1891 Mbelgiji Alexandre Delcommune, baada ya kupita Bunkeya, alitaka kuushuka mto huo kwa mitumbwi. Nzilo ilimshinda, na watu wake waliteseka sana na njaa.

Mwaka 1952 bwawa la umeme lilikamilika palepale, na ziwa likatokea. Union Minière ilipa bwawa na ziwa jina gani? Delcommune! Mtu aliyeshindwa na mto alipewa mto. Wakati wa siasa ya uhalisi ya Mobutu jina la Nzilo lilirudi. Vivyo hivyo bwawa la Le Marinel, lililokamilika mwaka 1956 chini zaidi kwenye mto ule ule, likaitwa Nseke. Hapa tunaona kwamba jina la mahali linaweza kufunikwa na maji na kutoka tena hai, kama watu hawakuacha kulitamka. Wavuvi hawakuacha.

Mambo ya majina tunayajua sana huku. Mtoto aliyezaliwa Kolwezi mwaka 1970 amezaliwa Katanga, akakua Shaba toka 1971, akarudi Katanga mwaka 1997, na toka 2015 anaishi Lualaba. Hakuhama nyumba hata mara moja. Katanga lilikuwa jina la chifu, Shaba ni jina la madini, Lualaba ni jina la mto. Kati ya hayo matatu, la mto ndilo ambalo hakuna mtu anayeweza kulichimba akalimaliza.

Kando ya maji katekista wetu alitoa habari yake, inayosimuliwa kati ya Walunda wa Kazembe. Mwant Yav wa Musumba alimweka Mutanda Yembeyembe kuangalia inchi ya Lualaba. Huko Mutanda alipata chumvi nzuri, lakini aliificha, akawa anatuma kwa mfalme chumvi mbaya. Chinyanta akaenda Musumba, akamwonyesha Mwant Yav chumvi ya kweli. Mutanda alipojua, alimkamata Chinyanta pamoja na ndugu yake, akawafunga, akawatupa katika mto Mukulweji. Walizama. Mwant Yav akachukua cheo cha Kazembe, akampa Nganda Bilonda, mwana wa Chinyanta, naye akamfukuza Mutanda kwa upande wa mashariki. Kutoka hapo unatoka ufalme wa Kazembe wa Luapula, ambao mpaka leo uko Mwansabombwe, Zambia. Kila mwaka mwezi wa 7 wanafanya sikukuu ya Umutomboko kukumbuka njia yao toka upande wetu.

Hatukufika Mukulweji, petroli haikutosha. Lakini habari hiyo ilitunyamazisha. Chumvi ilikuwa kobalti ya zamani zile. Mkubwa wa mahali anajua mali iko wapi, mkubwa wa mbali anatumiwa iliyo mbaya, na anayesema ukweli anazamishwa. Mzee wa Kamoto alicheka: «Kumbe ile mambo ni ya zamani hivi!» Je, ilitokea namna ile ile? Mtu wa historia hawezi kutia sahihi juu ya kila neno. Lakini hadithi inatuambia kwa hakika kitu kimoja: watu wa inchi hii walijua zamani sana kwamba mali ya chini ya udongo inajaribu mioyo ya wale walio juu.

6. Bunkeya: kichwa cha Msiri

Siku ya tatu tuliamka mapema. Tulivuka Lualaba kwa barabara kubwa ya Likasi, tukapita Fungurume, ambako vilima vinakatwa kama mkate tangu mgodi mkubwa ulipoanza kutoa shaba mwaka 2009. Tukawakumbusha wanafunzi kwamba huko kwa Ntenke ndiko alikofia kapiteni Lucien Bia mwezi wa 8 mwaka 1892. Katika safari yake alikuwemo Jules Cornet, mwanajiolojia aliyeandika juu ya utajiri wa inchi hii. Halafu tuliacha lami, tukaingia barabara ya vumbi mpaka Bunkeya.

Bunkeya ni mgini mkubwa wa Wayeke, katika teritwari ya Lubudi. Msiri, ambaye jina lake la kwanza ni Ngelengwa, alitoka Usumbwa, upande wa magharibi wa Tanzania ya leo. Baba yake Kalasa alikuwa akija huku kununua shaba. Msiri alifika mnamo miaka ya 1850, akapewa nafasi na wakubwa wa inchi, akapata bunduki, akawa mfalme. Katika siku zake Bunkeya ilikuwa soko la shaba, chumvi, pembe za ndovu na, tuseme wazi, watumwa. Wafanyabiashara walikuja toka Benguela na toka pwani ya mashariki. Ndiyo moja ya njia ambazo Kiswahili kilipita kufika kwetu, kabla kambi za Union Minière hazijakieneza.

Mwaka 1891 Waingereza na watu wa Léopold II walikuwa wakishindana kupata sahihi yake. Alikataa bendera. Tarehe 20 mwezi wa 12, kapiteni Omer Bodson, mtu wa safari ya William Stairs, alimpiga risasi akamwua, na Bodson naye akapigwa palepale, akafa. Wengi wa askari na wapagazi wa Stairs walikuwa watu wa Zanzibar na pwani. Basi hata siku ile maneno mengi yalisemwa kwa Kiswahili.

Kilichofuata ndicho kinachoifanya Bunkeya kuwa mahali pa hadithi pia. Marquis de Bonchamps, mmoja wa wazungu wa safari ile, aliandika kwamba kichwa cha Msiri kilikatwa na kuwekwa juu ya boma ili watu waogope. Daktari Joseph Moloney, aliyekuwemo vilevile, alitoa kitabu mwaka 1893, na juu ya kichwa hasemi kitu. Wazee wa Bunkeya wanaendelea: kichwa kilibebwa, kikatiwa katika kopo la mafuta, na kila aliyekibeba alikufa njiani. Stairs mwenyewe alikufa kwa malaria tarehe 9 mwezi wa 6 mwaka 1892 huko Chinde, karibu na bahari, bila kuona kwao. Kichwa hakikurudi.

Pale tulipokelewa na mzee mmoja wa nyumba ya kifalme. Baada ya salamu na zawadi ndogo, kama desturi inavyotaka, Mama Mwalimu aliomba ruhusa ya kusema. Mioyo yetu ilidunda kidogo.

«Mzee, mutusamehe. Kwenu Msiri ni mkubwa aliyekataa bendera. Kwetu Basanga alikuwa mgeni mwenye bunduki. Bakubwa yetu balimuasi ule mwaka 1891, na balikuwa na sababu.»

Mzee hakukasirika. Alinyamaza kidogo, halafu akajibu: «Mama, maneno yako ni ya kweli. Lakini kichwa ni kichwa. Hata mutu mubaya anazikwa muzima.»

Tangu siku ile nimetumia jibu hilo darasani mara nyingi, maana linafundisha kazi mbili za historia. Kazi ya kwanza ni kupima matendo ya mtu, na hapo Musanga na Muyeke wanaweza kubishana kwa haki. Kazi ya pili ni kuuliza kilichofanywa juu ya mwili wake, na hapo wanasimama pamoja. Ni ulizo la kweli, si hadithi ya moto wa jioni tu. Fuvu la chifu Lusinga wa upande wa Tanganyika, aliyeuawa na watu wa Émile Storms mwezi wa 12 mwaka 1884, lilipelekwa Ubelgiji na likakaa katika nyumba za makumbusho za Brussels. Basi mzee wa Bunkeya anayeuliza kichwa kiko wapi haulizi jambo la ajabu. Anauliza jambo lililotokea kweli kwa jirani yake.

Na Bunkeya imebaki. Kila tarehe 20 mwezi wa 12 Wayeke wanakusanyika kumkumbuka Msiri. Hakuna ngome, hakuna mnara mkubwa. Kuna mahali, kuna tarehe, na kuna watu wanaosema. Vitu hivyo vitatu vinatosha.

7. Tufanye nini?

Sisemi kwamba migodi ifungwe. Nani kati yetu hana mtoto, ndugu ama mkwe anayekula mukuba wa leo? Tena wakubwa wetu wenyewe walichimba. Tofauti ni hii: wao walichimba kidogo kwa kiangazi kimoja, wakaacha kilima kikiwa kilima, na fundi alijua jina la kila shimo. Mashine ya leo inamaliza kilima kabla mtoto aliyezaliwa pembeni yake hajaingia sekondari.

Basi naomba mambo matatu, na yote hayadai makuta mengi.

La kwanza, kila shule ya Kolwezi, Fungurume, Lubudi na Mutshatsha iwe na daftari moja la majina ya mahali: vilima, mito, makaburi, miti mikubwa, kambi za wafanyakazi, kartie zilizobomolewa. Kwa kila jina tuandike mahali palipo, aliyelisema, na siku tuliyolipokea.

La pili, katika daftari hilo tutenge kurasa mbili zinazotazamana. Upande mmoja habari ya wazee, upande mwingine habari ya maandishi. Tusizichanganye, na tusitupe moja kwa kuipenda nyingine. Maandishi yanatuambia kwamba Msiri alikufa tarehe 20. Wazee wanatuambia kwamba bado hajazikwa.

La tatu, tutembee na watoto. Si lazima mwendo wa siku tatu. Asubuhi moja inatosha, pamoja na mzee mmoja anayejua, mbele ya shimo lo lote. Mtoto akisikia kwamba hapo palikuwa kilima chenye maua, chenye mashimo ya wakubwa, chenye jina, hataona shimo tupu tena.

Wenzetu wa Kilwa na wa Zimbabwe wanalinda mawe yaliyosimama. Sisi mawe yetu yamepanda treni na kamioni, yako ndani ya nyaya za umeme na mashine za watu wa mbali ambao hawajui kutamka Musonoi. Kilichobaki mikononi mwetu ni kutamka wenyewe, na kuandika. Wazee wanaojua wanapungua kila mwaka, na daftari linauzwa dukani kwa bei ndogo. Tulinunue wakati wangali wanasema.